Kuchagua Pikipiki ya Porini: Mwongozo kwa Mwendeshaji Ambaye Bado Anajifunza

Mtu anayetafuta pikipiki yake ya kwanza ya kuendeshea porini huanza karibu kila mara na swali la ukubwa wa injini. Huuliza kama cc 250 zitamtosha, au kama baada ya miezi sita atajuta kwa kutonunua cc 450. Swali hilo lina mahali pake, lakini si la kwanza wala la pili. Katika njia nyembamba yenye mizizi, mawe na tope, mwendo mara nyingi hauvuki kilomita 30 kwa saa, na nguvu nyingi za injini hubaki bila kazi. Kinachoamua kama mwendeshaji atarudi nyumbani akiwa na hamu ya kutoka tena ni uzito wa chombo, kimo cha kiti na upole wa injini. Kwa hiyo kipimo nitakachokitumia hapa ni kimoja: pikipiki inayokufaa ni ile unayoweza kuiinua peke yako inapoanguka kwa mara ya tano, saa nane mchana, mikono ikiwa imekwisha kuchoka. Kuanguka utaanguka, hata wazoefu huanguka.

Hatua ya kwanza: Amua utakapoiendesha na utakavyofika huko

Kabla ya kutazama pikipiki yoyote, jiulize njia unazokusudia kupita ziko umbali gani na utafikaje. Kama lazima upite barabara ya umma, hata kwa kilomita tano tu, unahitaji pikipiki yenye taa, vioo, honi na namba ya usajili, pamoja na leseni na bima kama sheria za mahali ulipo zinavyotaka. Pikipiki nyingi za porini hutoka kiwandani bila vitu hivyo, na kuvifunga baadaye si kazi ya kufunga taa tu, kwa kuwa mamlaka nyingi hukataa kusajili chombo ambacho hakikuundwa kwa ajili ya barabara. Ukiwa na gari la kubebea, au mwenzako akiwa nalo, uwanja wa kuchagua hupanuka sana.

Fikiria pia aina ya ardhi yenyewe. Mchanga mwingi hutaka nguvu na wepesi, mawe na miinuko mikali hutaka gia ya kwanza iliyo fupi na injini isiyozimika ovyo, na njia pana za vumbi huvumilia karibu kila kitu.

Hatua ya pili: Zitambue jamii za pikipiki kabla ya kuvutiwa na rangi

Kwa macho ya anayeanza, pikipiki zote zenye tairi za meno na matopeo (madigadi) yaliyoinuka hufanana. Ukweli ni kwamba zimetengenezwa kwa kazi tofauti kabisa, na makosa mengi ya ununuzi hutokea hapa.

Pikipiki ya motokrosi imetengenezwa kwa mashindano katika uwanja uliofungwa, wenye vilima vya kurukia. Shokapu zake ni ngumu kwa sababu hutarajiwa kupokea kishindo cha kutua kutoka hewani, gia zake zimekaribiana, injini yake huamka kwa ghafla, na haina taa wala stendi ya pembeni. Katika njia ya mawe yenye mwendo wa polepole, shokapu hizo humrusha mwendeshaji huku na huku, na injini huzimika kila klachi inapoachiwa vibaya kidogo. Pikipiki yangu ya kwanza ya porini ilikuwa ya jamii hiyo, na niliichagua kwa sababu ilikuwa inang'aa. Kwenye mlima wa kwanza ilizimika mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na kupiga kiki ukiwa kwenye mteremko, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga, ni adhabu ambayo simtakii mtu.

Enduro ni ndugu ya motokrosi aliyefundishwa kusafiri. Ina taa, gia sita zilizotawanyika vizuri zaidi, gurudumu la nyuma la inchi 18 badala ya 19, na shokapu laini kidogo. Hata hivyo, bado ni chombo cha mashindano: kiti cha Yamaha WR250F, kwa mfano, kiko juu ya sentimita 95 kutoka ardhini, na matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za kazi. Mwendeshaji mwenye mwaka mmoja au miwili ya mazoezi ataifurahia. Anayeanza atalipia uwezo asioweza kuutumia.

Pikipiki ya njia za porini yenyewe ndiyo mada yetu. Historia yake kama bidhaa ya watu wengi inahusishwa sana na Yamaha DT-1 ya mwaka 1968, ambayo ilionyesha kwamba mtu wa kawaida anaweza kununua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya porini tangu mwanzo, badala ya kuchukua pikipiki ya barabarani na kuibadilisha matairi na ekzosi. Pikipiki za jamii hii zina injini ya upole, mara nyingi ya kupoozwa kwa hewa, kiti kisichopanda mno, shokapu laini na matengenezo machache. Yamaha TT-R230 na Honda CRF230F, zote zenye injini ya cc 223, ni mifano mizuri, na hupatikana sana zikiwa zimetumika. Wazoefu huzidharau kidogo, jambo ambalo ni la manufaa kwako kwa kuwa hushusha bei.

Jamii ya nne ni ya pikipiki za matumizi mawili, yaani zilizoruhusiwa barabarani na bado zinaweza kuingia porini. Honda CRF300L, Yamaha XT250 na Kawasaki KLX230 zimo humo. Ni nzito kuliko jamii iliyotangulia, kwa kuwa hubeba vioo, taa za ishara, ekzosi ya kupunguza sauti na mengineyo, lakini kwa mtu asiye na gari la kubebea ndizo jibu la kweli. Zipo pia pikipiki kubwa za safari ndefu, kama BMW R 1250 GS yenye uzito wa karibu kilo 250. Picha za matangazo huzionyesha zikivuka mito, lakini waliozipanda katika picha hizo hawajaanza jana.

Hatua ya tatu: Pima uzito na kimo kwa mwili wako

Hapa ndipo unapopaswa kutumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Soma kwanza takwimu za kiwandani, lakini zisome kwa tahadhari, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hutaja uzito mkavu, yaani bila petroli, oili wala maji ya rejeta, na tofauti inaweza kufika kilo 10. Tafuta uzito wa pikipiki ikiwa tayari kuondoka. Honda CRF300L hufika kilo 142 ikiwa hivyo, Yamaha XT250 kilo 132, na TT-R230 kilo 114 hivi. Kilo 28 kati ya ya kwanza na ya mwisho zinaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi. Ukiwa umesimama kwenye mtaro wenye tope, ni kama zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji iliyofungwa juu ya chombo ambacho tayari hukiwezi. Kwa mtu mzima wa umbo la kawaida, ningeweka mpaka kwenye kilo 130 kwa njia nyembamba, na kilo 145 kwa anayelazimika kupita barabarani.

Kisha jaribu mwenyewe. Mwombe mwenye pikipiki akuruhusu kuilaza taratibu juu ya majani au godoro kuukuu, bomba la petroli likiwa limefungwa, halafu uiinue. Ingiza gia ili magurudumu yasizunguke, shika usukani kwa mikono yote miwili, weka mgongo wima na utumie nguvu za miguu. Fanya hivyo mara tatu mfululizo. Kama ya tatu imekutoa jasho ukiwa uwanjani, bila bukta za kinga wala viatu vizito, pikipiki hiyo si yako kwa sasa. Siyo kila muuzaji atakubali jaribio hili. Akikataa, tafuta mwenzako mwenye pikipiki ya uzito unaolingana na ujaribu kwake. Jifunze pia kwamba pikipiki iliyolala mlimani, magurudumu yake yakiwa yameelekea juu, karibu haiinuki. Izungushe kwanza ikiwa imelala hadi magurudumu yaelekee bondeni, ndipo uinue.

Kuhusu kimo cha kiti, takwimu peke yake hudanganya. Kiti cha CRF300L kimepimwa kwenye sentimita 88, lakini shokapu zake ni laini na hushuka kwa sentimita kadhaa unapokaa, ilhali enduro ngumu hushuka kidogo sana. Kaa juu ya pikipiki ukiwa umevaa viatu vya kuendeshea, kwa kuwa soli zake huongeza kimo. Huhitaji kuweka nyayo zote mbili chini. Inatosha vidole na mbele ya nyayo ziguse pande zote mbili, au mguu mmoja ukanyage sawasawa unaposogea upande kidogo kwenye kiti. Asiyefikia kiasi hicho ataanguka mahali ambapo hakukuwa na sababu ya kuanguka, kwa mfano anaposimama kando ya jiwe na kukuta ardhi iko chini kuliko alivyodhani. XT250 yenye kiti cha sentimita 81, au Yamaha TW200 yenye kiti cha sentimita 79 na tairi pana zinazoelea vizuri mchangani, zimewasaidia wengi wenye miguu mifupi.

Kuna wanaokata sponji ya kiti au kufunga viungo vya kushusha shokapu ya nyuma. Kukata sponji hakuna madhara makubwa zaidi ya kuumiza makalio. Kushusha shokapu, kwa upande mwingine, hupunguza nafasi kati ya tumbo la injini na mawe, na hubadilisha namna usukani unavyogeuka, kwa hiyo ichukulie kuwa njia ya mwisho.

Hatua ya nne: Chagua injini yenye upole

Injini za pikipiki hizi ni za aina mbili. Ya mapigo mawili huwaka kila mzunguko mmoja wa shafti, ni nyepesi na ina vipande vichache, lakini hutaka oili ichanganywe na petroli kwa kipimo. Uwiano wa 40 kwa 1 ni mililita 25 za oili kwa kila lita ya petroli, na 50 kwa 1 ni mililita 20. Ya mapigo manne huwaka kila mizunguko miwili, ni nzito kidogo, na ina sifa moja ambayo anayeanza huithamini mapema sana: ukiachia mafuta kwenye mteremko, injini yenyewe hushika breki. Ya mapigo mawili hushika kidogo tu, na kazi yote huangukia breki na vidole vyako. Aidha, nyingi za mapigo mawili za mashindano hutoa nguvu yake kwa mkupuo injini inapofika mzunguko fulani, na mkupuo huo ukikukuta kwenye mizizi yenye unyevu, utakuwa umelala kabla hujajua kilichotokea. Si zote zenye tabia hiyo, lakini kwa chombo cha kwanza ninapendekeza mapigo manne bila kusita.

Kuhusu ukubwa, mtu mwepesi atafurahia cc 125 hadi 150, wengi watatoshwa na cc 200 hadi 250, na mwenye uzito wa zaidi ya kilo 90 anaweza kuangalia cc 250 hadi 300. Kumbuka kwamba cc 250 za motokrosi na cc 250 za pikipiki ya njia hazina ujamaa wowote zaidi ya namba: ya kwanza inaweza kutoa nguvu mara mbili ya ya pili, na hutaka oili mpya baada ya saa chache za kazi na pistoni mpya baada ya muda ambao pikipiki ya njia bado huihesabu kuwa mwanzo wa maisha yake.

Stata ya umeme si anasa. Chukua yenye stata, na ikiwa na kiki pia, bora zaidi, kwa siku betri itakapokufa. Mfumo wa kuingiza petroli kwa kompyuta huwasha injini baridi kwa urahisi na hujirekebisha wenyewe milimani, ilhali kabureta hutaka kurekebishwa kwa mkono lakini hutengenezwa na fundi yeyote.

Hatua ya tano: Angalia shokapu, magurudumu na breki

Gurudumu la mbele liwe la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, kwa kuwa kimo cha la mbele huliwezesha kupanda juu ya jiwe badala ya kugonga, na ukubwa huo una matairi mengi ya kuchagua. TW200 niliyoitaja haifuati kanuni hii, kwa sababu ya tairi zake pana. Spoki ni bora kuliko rimu za kumwagwa, zinazoweza kupasuka zinapopigwa na jiwe.

Springi za kiwandani kwa kawaida huwekwa kwa mtu wa kilo 75 hivi. Ili ujue kama zinakufaa, pima umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi alama uliyoiweka kwenye topeo, gurudumu likiwa hewani, kisha pima tena ukiwa umekaa na mavazi yote. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu, kwa mfano sentimita 10 kwa shokapu yenye mwendo wa sentimita 30. Ikizidi sana na springi imekwisha kukazwa, unahitaji springi nyingine, na gharama yake iingie katika hesabu kabla ya kulipa.

Hatua ya sita: Kagua kwa makini pikipiki iliyotumika

Kwa chombo cha kwanza, iliyotumika ni uamuzi wa busara, kwa sababu mikwaruzo utakayoiongeza haitakuuma. Lakini pikipiki ya porini huficha uchovu wake chini ya plastiki mpya, na plastiki mpya ni rahisi kununua.

Fika injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu yake. Ikiwa ina joto, uliza ni kwa nini imewashwa kabla yako, kwa kuwa injini inayosumbua ikiwa baridi huwa tulivu ikipata moto. Ikishawaka, tazama moshi. Moshi wa bluu kutoka kwenye injini ya mapigo manne ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, huashiria kuwa kipoozeo cha rejeta kinaingia kwenye silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake.

Baada ya hapo fungua sanduku la chujio cha hewa, kwani hakuna mahali panaposema ukweli zaidi kuhusu mwenye pikipiki. Chujio safi lenye oili huonyesha mtu anayejali. Vumbi lililopita upande wa ndani wa chujio lina maana kwamba silinda imekuwa ikisagwa, na hapo mimi huaga.

Inua gurudumu la mbele juu ya kreti na uzungushe usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi usukani unakwama kidogo katikati, beringi za usukani zimekwisha. Sukuma gurudumu kwa pembeni, kisha inua la nyuma juu na chini, ukisikiliza mgongano kwenye viungo vya shokapu. Vuta mnyororo kutoka nyuma ya spoketi kubwa. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, au meno yamepinda kama ndoana, seti nzima inabadilishwa. Gonga spoki moja moja kwa spana, na isiyolia kama wenzake imelegea. Tazama mirija ya shokapu za mbele kama ina oili au mikwaruzo inayokwaza ukucha. Angalia fremu mahali viatu vinaposugua, na chini ya injini palipo na alama za mawe, ukitafuta nyufa na mahali palipochomelewa.

Linganisha namba za fremu na za injini na zilizo kwenye hati. Zisipolingana, au namba zikiwa zimesagwa, usiendelee na mazungumzo hata kama bei ni ya kuvutia.

Hatua ya saba: Iendeshe polepole

Watu wengi hujaribu pikipiki kwa kuikimbiza, na hivyo hujifunza jambo wasilolihitaji. Wewe iendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia ya kwanza, ukichora duara dogo, kisha namba nane. Pikipiki ya porini inayofaa hutembea hivyo bila kurukaruka wala kutaka klachi ishikwe muda wote. Vuta klachi kwa vidole viwili kwa dakika kumi. Ikikuumiza uwanjani, itakutesa njiani. Simama juu ya vikanyagio na uone kama mikono inaufikia usukani bila kuinama sana. Ondoka kwenye mwinuko mdogo, simama, ondoka tena. Mwisho zima injini ikiwa na moto mkali na uiwashe mara moja, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyokuwa kila utakapoanguka.

Hatua ya nane: Gawanya fedha, kisha iandae

Usimalize fedha zote kwenye pikipiki. Kofia ngumu ya porini, miwani ya kuzuia vumbi, glavu, kinga za magoti na kifua, na zaidi ya yote viatu virefu vya plastiki ngumu, vinapaswa kununuliwa siku ileile. Nikilazimika kuchagua kati ya pikipiki mpya zaidi na viatu vizuri, nachagua viatu, kwani kifundo cha mguu ndicho kinachobanwa kati ya chombo na jiwe. Kiasi kingine kiende kwenye bamba la kukinga tumbo la injini na vikinga vya mikono vyenye chuma ndani, kwa kuwa mkono wa klachi uliovunjika kilomita 15 kutoka barabarani huifanya pikipiki nzima isitembee.

Kabla ya safari ya kwanza, badilisha oili na safisha chujio hata kama muuzaji amekuapia kwamba amefanya hivyo jana. Teremsha mikono ya breki na klachi ili vidole viifikie ukiwa umesimama. Shusha upepo wa matairi hadi psi 12 au 15 kwa pikipiki nyepesi, na uongeze kidogo penye mawe makali ili mpira wa ndani usibanwe na rimu. Hakikisha pia kwamba gurudumu la nyuma lina kibanio cha tairi, kwa sababu bila hicho, upepo ukiwa kidogo, tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu ya mpira. Kama gia ya kwanza bado inakimbia mno kwenye mawe, punguza jino moja kwenye spoketi ya mbele, kwa mfano kutoka 14 hadi 13. Ni kipande cha bei ndogo, hubadilishwa kwa muda mfupi, na huifanya injini ileile itambae mahali ilipokuwa ikizimika. Anza daftari la saa za kazi siku hiyohiyo, ukiandika oili iliyowekwa, tarehe, na kila beringi iliyobadilishwa.